Kufuli Aliloomba Eeddo Dahabo

Nyinyi vijana mnaoweka neno la siri hata kwenye picha za ngamia, nipeni sikio kidogo. Mimi ni Noor. Wanaonijua huniita Noor Waya, kwa sababu hapa Garissa hakuna waya ambao sikuuvuta, sikuukata, au haukunirusha hadi nikasahau jina la mama yangu. Nimefanya kazi ya kompyuta zaidi ya miaka ishirini na nimestaafu na mgongo uliopinda kama ndoana. Mtakapoambiwa kazi hii ni ya kukaa kwenye kiti, msikubali. Nusu yake, wallahi, ni kutambaa chini ya meza za watu na kuzijua soksi zao.

Nitawachekesha, maana siwezi kujizuia. Lakini kuna jambo linanikaa kooni tangu miaka ya tisini, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ofisi yetu ilikuwa ya shirika moja la misaada. Jina lake halitawafaa. Ilikuwa mtaa wa Iftin, ndani ya ua wenye lango la mabati, na kazi yake kubwa ilikuwa kambi ya Dagahaley: nani amefika, nani ana watoto wangapi, nani apewe chakula. Mimi niliingia pale kama tarishi. Nilibeba barua na chupa za chai, na nilibeba vizuri. Katika miaka mitatu sikumwaga chai zaidi ya mara elfu moja.

Jioni nilikwenda masomo ya watu wazima. Siku ya kwanza nilipoingia darasani, nikiwa na ndevu na kofia, wanafunzi wote walisimama wakidhani mimi ni mkaguzi, na mwalimu naye akasimama. Nilipoketi dawati la nyuma ndipo walipojua.

Aliyenipeleka huko alikuwa Dahabo, karani wa usajili. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuja ofisini, na chaki haikumtoka mkononi. Saa ya chakula, wenzetu walipolala juu ya mikeka kivulini, yeye aliniketisha mbele ya meza yake nimsomee Kiingereza kwa sauti. Nikikosea aligonga meza kwa kalamu. Mimi nilimwita eeddo, yaani shangazi, na yeye aliniita eeddo vilevile. Ndivyo ilivyo kwetu: shangazi humwita mpwa wake kwa neno lile lile analoitwa yeye, heshima ikaenda na kurudi. Hatukuwa ndugu wa damu. Lakini kompyuta zilipoletwa, na kila mtu ofisini akakaa mbali nazo kama zina pepo, ni yeye aliyemwambia mkuu wetu, “Mpeni Noor. Hana hata kiti, ataogopa kupoteza nini?”

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Siku hizo monita ilikuwa kubwa kama tangi la maji, na kwa joto lile ungeweka yai juu yake likaiva kabla hujamaliza Bismillahi. Vumbi ndilo usiseme. Kila Jumamosi nilifungua vipanya, nikatoa kile kijipira cha tumboni na kukisugua kwa pamba na spiriti, na mchanga niliotoa humo ungetosha kupanda tikiti maji ekari mbili. Kwa hiyo kila mtu alifunika mashine yake kwa kitambaa. Wengine walileta vitambaa vya nyumbani vilivyotariziwa maua na wake zao, hata ungeingia chumba ukadhani kuna bibi harusi juu ya meza. Kitambaa hiki mkikumbuke, nitakirudia.

Mkuu wetu, mtu wa Nairobi, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, aliagiza seva. Tuliiweka kwenye stoo ya zamani yenye feni, tukavuta nyaya hadi vyumba vyote kumi na saba, na kila idara ikawa na folda yake ndani ya seva. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kitabu chote mara nne, nikaweka neno la siri kwenye kila folda. Mtu wa mifugo aone ya mifugo, wa maji aone ya maji. Kazi safi.

Kumbe nimewatukana watu.

Afisa wa mifugo hakunisalimu siku tatu. Nilipomfuata, aliniuliza nimemwona wapi na kitu cha mtu. Mwingine aliniambia mbele za watu: “Nimekula nyumbani kwako, nimekuja kumzika baba yako, leo unanifungia mlango?” Sisi ni watu waliokulia kwenye nyumba za mikeka, mgeni anaita salamu akiwa nje na tayari ameingia. Kumwambia mwenzako “hapa huwezi kufungua” ni kumwambia yeye ni mwizi. Na mimi, vijana, ugonjwa wangu mkubwa ni kupenda kupendwa. Ndani ya wiki moja niliondoa kila neno la siri. Folda zote wazi, kila mtu asome, kila mtu aandike, kila mtu afute. Nilipigiwa makofi na nikanunuliwa nyama ya ngamia.

Mtu mmoja tu alikataa. Eeddo Dahabo alikuja mlangoni kwangu na kusema, “Yangu funga, eeddo. Mle ndani mna watu.”

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mafuriko yalikuwa yamepita Dagahaley na kuziloweza kadi za chakula za familia nyingi. Nyingine zilichukuliwa na maji, nyingine zikageuka uji mfukoni. Dahabo alikaa kule miezi, akienda hema kwa hema na daftari, akiandika jina la mtu, la baba, la babu, na la babu wa babu, kwa sababu Mohamed Abdi pale walikuwa wengi kuliko mbuzi. Aliporudi alichapa yote mwenyewe kwa vidole viwili. Orodha ile ndiyo ingetumika kuwapa kadi mpya. Mimi ndiye niliyemshauri madaftari ayapeleke jiko la ofisi, mpishi awashie mkaa. “Kompyuta haisahau,” nilimwambia nikijipiga kifua.

Sasa aliposimama pale mlangoni akiomba kufuli, chumba kilikuwa na watu, na mimi nilikuwa na ulimi wangu. Nikasema eeddo amewaficha wachumba wake humo. Wakacheka hadi mmoja akakohoa chai. Mtu akasema ukimfungia yeye, basi anatuona sisi wezi. Dahabo alingoja kicheko kiishe.

“Hawana kadi,” akasema. “Majina ndiyo kadi yao.”

Nikamwambia nitaangalia. Sikuangalia.

Basi, mnyoo. Barua pepe tulizichukua kwa simu mara mbili kwa siku, modemu ikilia kama ndama aliyepotezwa. Asubuhi moja watu walianza kuja kwangu mmoja mmoja: faili langu liko, lakini halina kitu. Nikafungua. Jina lipo, tarehe ipo, ukubwa wake sifuri. Nikafungua jingine, sifuri. Folda nzima ilikuwa kama makaburi yenye vibao na hakuna aliyezikwa. Ulikuwa mdudu wa aina inayokuja ndani ya barua inayoonekana imetoka kwa rafiki: nimepata barua yako, tazama nilichokuambatishia. Ukigusa kile kiambatisho, mnyoo unajiandika ndani ya mashine yako, unajituma kwa marafiki zako, halafu unatembea kwenye kila folda iliyo wazi kwenye mtandao na kumaliza maandishi yaliyomo. Folda iliyo wazi. Sisi tulikuwa nazo zote.

Mzee Gedi, askari wa lango, ambaye alichunga ngamia miaka arobaini kabla ya kuchunga lango letu, alimpokea mkuu kwa Kiswahili chake: “Leo kombyuta yote ni gonjwa, mkubwa.” Hakuna aliyetoa taarifa fupi na sahihi kuliko hiyo.

Nikapiga simu Nairobi. Asubuhi ya pili basi likaleta disketi za dawa, zimefichwa ndani ya pakiti ya biskuti zisipate jua. Nikaanza kazi kwa madaha. Mashine ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Nikawa natoka chumba hadi chumba kama daktari, watu wakinifuata. Nilipofika ya tisa, mwenye ya kwanza akaja kuniambia imeugua tena. Nikarudi. Nilipoisafisha, ya nne ikarudi. Siku mbili nilizunguka ua ule, na nadhani nilitembea umbali wa kutoka hapa hadi Elwak na kurudi. Siku ya tatu niliketi kwenye benchi la Gedi langoni, nimechoka kiasi cha kutaka kulia.

Akaniuliza kwa Kisomali ni ugonjwa gani. Nikamwambia ni mnyoo, nikingoja acheke. Hakucheka. Akaniuliza ninawapaje dawa. Nikamweleza: mmoja mmoja, nikimaliza nasonga mbele.

“Na waliopata dawa wanalala wapi?”

“Palepale, adeer,” nikasema, yaani baba mdogo, neno jingine la kwetu linaloenda na kurudi. “Na wenzao.”

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto wa mjini akijaribu kukamua ngamia dume. “Umewanywesha nusu ya mbuzi dawa na ukawarudisha kwenye malisho yaleyale. Adeer, utawanywesha hadi ufe. Tenga kwanza. Kila mbuzi peke yake. Nywesha wote. Hakuna anayekutana na mwenzake mpaka wa mwisho awe amekunywa.”

Kitabu nilichosoma mara nne hakikuwa na ukurasa ule, au ulikuwepo nikauruka. Nilizima seva. Nikachomoa waya wa kila mashine kutoka kwenye kile kisanduku cha stoo kilichoziunganisha, zikabaki zinaning’inia kama matumbo. Kisha kila mashine niliiwasha kwa disketi safi, ile niliyosukuma kijilango chake cha plastiki ili isiweze kuandikiwa kitu. Nikafuta lile faili la mnyoo, nikafuta mstari mmoja uliokuwa ukiuamsha kila Windows inapoanza, nikafunga kila mlango, nikasonga. Jioni nikamtangazia Gedi kwamba nimemaliza zote kumi na sita.

“Kila asubuhi,” akasema, “mimi hufungua vyumba kumi na saba.”

Tulikwenda pamoja. Chumba cha afisa wa mifugo kilikuwa kimefungwa. Mwenyewe alikuwa Elwak na ufunguo mfukoni. Gedi alitoa wa akiba. Juu ya meza kulikuwa na kitambaa cha maua ya waridi, kimetulia, kizuri, na chini yake kitu kinanguruma. Mashine ilikuwa inawaka siku zote zile, chini ya maua ya mke wa mtu, na waya wake, ambao niliuvuta peke yake kupitia dirishani, bado ulikuwa kwenye seva. Mchungaji alihesabu na mtaalamu hakuhesabu. Kabla hujasafisha, vijana, hesabu. Halafu mwite mtu mwingine ahesabu.

Mnyoo ulikwisha. Nikaweka utepe wa nakala kwenye seva ili nirudishe faili. Kila Alhamisi nilikuwa naweka utepe ule unakili faili zote, taa ya kijani inawaka, mimi naenda zangu. Sikuwahi hata siku moja kujaribu kuusoma. Vumbi lilikuwa limekula kichwa cha mashine ya utepe miezi mingi, na taa ya kijani haikuwa na habari. Ulitoa mkwaruzo kama mtu anayetafuna kokoto, basi. Za mifugo zilikuwa kwenye disketi za mtu, za maji zilikuwa zimechapishwa. Orodha ya Dagahaley haikuwa mahali popote.

Eeddo Dahabo alisimama nyuma ya kiti changu, akaangalia ile sifuri.

“Wako wapi, eeddo?” akauliza.

Nikautoa utepe, nikauweka tena.

Sasa nifike kwenye lile jambo la kooni. Wakati nasafisha niliona kitu. Barua iliyoleta mnyoo ilikuwa na saa yake, na mashine iliyoufungua kwanza haikuwa ya usajili wala ya mifugo. Ilikuwa ya mkuu wetu. Nilimwambia faraghani, kwa adabu. Akafunga mlango, akanimiminia maji baridi.

Alisema Nairobi wanataka ripoti. Alisema barua aliifungua yeye, hilo kweli, lakini folda alizifungua nani? Kwa hiyo ripoti inaweza kutuandika sisi wawili. “Au,” akasema kwa ile sauti yake ya kubembeleza, “inaweza kuandika kwamba mnyoo ulitokea usajili. Yule mama si kijana, Noor. Hata hivyo kazi hii ya mashine inamshinda.” Juu ya meza kulikuwa na karatasi ya kunipandisha kuwa Afisa wa Kompyuta. Ilikuwa imeshachapwa. Haikuwa imetiwa sahihi.

Nimesema uongo mwingi wa kuchekesha hapa, wa yai na wa ekari za tikiti. Huu ufuatao si wa kuchekesha. Niliandika kwamba mnyoo uliingia kupitia kompyuta ya usajili, baada ya mtumiaji kufungua barua asiyoijua. Sikutaja folda. Niliandika kwa Kiingereza kizuri, kile nilichosahihishiwa saa za chakula na kalamu ya kugonga meza.

Dahabo alipoitwa, ripoti ilikuwa mezani na mimi nilikuwa nimeketi pembeni ya mkuu. Aliisoma yote. Hakupiga kelele. Alisema hakufungua barua yoyote, na kwamba aliomba kufuli. Mkuu akanigeukia kuniuliza kama ni kweli aliomba. Nikasema sikumbuki.

Akasoma tena, taratibu, kidole kikifuata mistari, kama alivyokuwa akisoma insha zangu. Kisha akanirudishia karatasi.

“Hakuna kosa hata moja la herufi,” akasema. Akachukua mkoba wake.

Mimi nikapata kiti. Kilikuwa kinazunguka.

Mgao uliofuata nilitumwa Dagahaley na kompyuta ya mkononi kusoma majina. Waliokuwa na kadi walipita. Waliokuwa wakingoja kadi mpya walisimama upande wa pili wa ua wa miba, na nikaambiwa nizungumze nao mimi, kwa kuwa naijua lugha. Mzee mmoja mwenye ndevu nyekundu za hina alikuja mbele. Nikamwambia hayumo. Akadhani sikusikia vizuri, akaanza kunitajia ukoo: yeye, baba yake, babu yake, akaendelea juu, jina baada ya jina, bila kupumua, hadi kwa watu waliokufa kabla ya barabara na mipaka. Alipofika wa kumi na tano akaniuliza:

“Katika hawa, ni yupi usiyemjua?”

Nilikuwa na skrini. Ilikuwa safi kabisa, haina mnyoo hata mmoja.

Migao miwili iliwapita watu wale. Miwili. Sitawaambia kilichotokea kwenye mahema yao kwa sababu sikwenda kuangalia. Nilikuwa afisa, nilikuwa na kazi. Ninachojua ni kwamba mwanamke aliyefukuzwa kazi alipanda lori hadi kule, akaketi chini kando ya ule ua wa miba na daftari jipya, na watu wakapanga foleni kumtajia baba zao. Aliandika orodha yote upya kutoka midomoni mwao. Hakuna aliyemtuma. Alipomaliza alikuja hadi langoni kwetu, akampa Gedi daftari, akaondoka bila kuingia. Gedi aliniletea. Tangu siku hiyo kwenye benchi lake hapakuwa na nafasi yangu.

Nililichapa. Folda nikaifunga kwa neno la siri refu kuliko kamba ya kisima. Nakala nikaisoma mara tatu. Kadi zikatoka. Mkuu alihamishwa kwenda nchi nyingine na tukamfanyia karamu. Mimi ndiye niliyetoa hotuba, na watu walicheka sana.

Mnajifunza haraka, nyinyi, kuliko nilivyojifunza. Kuchomoa waya mtajua, kuhesabu mashine mtajua, kuujaribu utepe, au hivyo vitu vyenu vya sasa, mtajua. Hayo yote yanasomeka.

Siku hizi nakaa kwenye kibanda cha rafiki yangu sokoni, natengeneza simu ili nisikae nyumbani kugombana na mke. Mwaka jana alikuja mwanamke mzee na simu yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa ameketi tayari nilipoinua macho. Nikasema, “Eeddo.” Akaitikia salamu kamili, akauliza watoto, akauliza mgongo wangu. Kila aliponitaja alisema “Bwana Noor.”

Nikabadilisha kioo. Nilipoiwasha ilifunguka moja kwa moja. Haikuwa na namba, haikuwa na chochote. Nikamwambia, eeddo, simu yako haina kufuli, mtu akiiokota atasoma kila kitu, nikuwekee. Ni dakika moja.

“Niliomba mara moja, Bwana Noor,” akasema. “Iache hivyo.”

Nikajikaza, nikasema, “Ile ripoti, eeddo.”

“Niliisoma,” akasema, akanyoosha mkono.

Nikampa simu yake. Kioo kilikuwa kipya, kinang’aa, na mtu yeyote angeweza kuifungua.